"Nikiiona naijua": uchambuzi wa kisa cha mtu aliyejifunza kutengeneza tovuti peke yake

Usuli

Mhusika wa kisa hiki nitamwita Mwanagenzi. Ni mtu mzima, ana familia, na kazi yake ya kutwa haihusiani na kompyuta hata kidogo. Mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Yeye mwenyewe ameyasoma haya kabla hayajatoka, na alichoomba tu ni nipunguze sifa.

Aliponijia alikuwa na miezi sita ya kujifunza kwa masomo ya video. Usiku, watoto wakishalala, anafungua laptopu ya nyumbani, anaweka video kwa kasi ya moja na nusu, anaandika kila anachoandika mwalimu wa kwenye video. Mwalimu akisimama, naye anasimama. Kozi mbili alikuwa amezimaliza, ya tatu iko nusu. Madaftari mawili yamejaa. Kwenye folda zake mlikuwa na miradi kumi na minne, yote inafanya kazi, yote inafanana na ya mwalimu hadi rangi ya vitufe.

Alikuja na swali moja: "Mwalimu, nimemaliza HTML na CSS. Sasa nianze JavaScript, au nirukie fremuweki moja kwa moja?" HTML huandika yaliyomo kwenye ukurasa, CSS huyapamba na kuyapanga, JavaScript huupa ukurasa vitendo, na fremuweki ni msimbo uliokwisha tayarishwa ambao mtu hujengea juu yake. (Mimi si mwalimu wa mtu, kutengeneza tovuti ndiyo riziki yangu. Lakini jina lilishika na sikulikataa.)

Sikumjibu. Nilimwomba afungue faili tupu na kuandika ukurasa mmoja: kichwa cha habari, picha moja, viungo vitatu, bila kuchungulia popote. Akaandika tegi (alama za HTML) ya html, akaifunga. Akaandika body, akaifunga. Kisha mikono ikakaa juu ya kibodi. Kwenye picha alijua vizuri kwamba ni tegi ya img, ila hakukumbuka kama njia ya faili inawekwa kwenye src (chanzo cha picha) au kwenye href (anwani ya kiungo). Akajaribu href. Picha haikutokea. Akafuta, akaandika link, akafuta tena. Baada ya dakika kumi na mbili alisukuma laptopu pembeni akasema: "Nikiiona naijua. Ukinionyesha tu, naijua."

Hapo ndipo kisa kinapoanzia. Alikuwa anasema kweli. Kwa miezi sita alikuwa amejizoeza kutambua, na hakuna siku hata moja aliyojizoeza kukumbuka.

Maamuzi ya mwanzo, na kwa nini

Tulikaa tukapitia usiku wake ulivyokuwa unakwenda. Mawili yalijitokeza. Kwanza, kipimo chake cha maendeleo kilikuwa asilimia ya kozi, ule mstari wa kijani unaosogea kila video inapoisha. Mstari ule hupima video iliyochezwa, na hauna njia ya kujua kama kuna kitu kilichoingia kichwani. Pili, alikuwa anasoma saa ambayo mwili umeshachoka na laptopu inagombaniwa na wengine nyumbani. Alihesabu saa mbili kila usiku. Tulipoziangalia vizuri zilikuwa kama dakika hamsini, nyingine zikienda kwenye kusubiri zamu na kusinzia.

Tulikubaliana mambo sita. Video zisimame kwa wiki nne. Akikwama, aende kwenye marejeo ya maandishi kama MDN ya Mozilla, ambako lazima atafute mwenyewe jina la kitu anachokitaka. Muda uhamie asubuhi, dakika arobaini, mara tu anapomaliza kuoga. Hatukutaja saa kwa makusudi: saa hupita bila mtu kujua, ila hakuna asiyejua kama ameoga. Mradi uwe mmoja tu, ukurasa wa dada yake ambaye ni mshonaji. Kila Jumatatu afungue faili tupu na kuujenga upya ukurasa huo kwa kichwa, bila kuangalia, kisha aulinganishe na ule wa zamani. Na awe na daftari la makosa.

Daftari hilo lina safu tatu: nini kiliharibika, nilidhani sababu ni nini, sababu ilikuwa nini. Safu ya katikati ndiyo yenye kazi. Mtu akiandika kosa na jibu lake tu, anapata orodha ya majibu. Akiandika na alichokuwa anadhani, baada ya wiki chache anaanza kuona tabia ya mawazo yake mwenyewe. Mwanagenzi aligundua, kwa mfano, kuwa karibu kila kosa alilidhania ni la "CSS kukataa", na mengi yalikuwa tegi isiyofungwa au jina la faili lililokosewa.

Mwezi wa kwanza: visanduku viwili

Nitakaa kidogo kwenye tatizo moja, kwa sababu lilimfunza zaidi ya kozi zote mbili.

Alitaka visanduku viwili vikae ubavu kwa ubavu: kushoto picha ya gauni, kulia maelezo. Akavipa kila kimoja width (upana) ya 50%, padding (nafasi kati ya maudhui na mpaka) ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 1, akavipanga kwa float, amri ya kusukuma kitu upande mmoja, kama alivyofundishwa kwenye video. (Video ilikuwa ya zamani. Flexbox na Grid ndizo njia za siku hizi, na Grid imo kwenye vivinjari vikubwa tangu 2017.) Kisanduku cha pili kikaanguka chini ya cha kwanza.

Asubuhi ya kwanza alipunguza hadi 48%. Kikaanguka. Akaenda 47%, kikaanguka. Akafika 45%, kikakaa, akafurahi, akalala na furaha yake. Asubuhi ya pili akalibana dirisha la kivinjari hadi upana wa simu: kimeanguka tena. Asubuhi ya tatu akaniandikia kwamba CSS haina mantiki na pengine kazi hii si ya watu wa aina yake.

Jibu lilikuwa mstari mmoja na vidole vyangu viliwasha kuuandika. Nikamwambia badala yake afungue zana za kukagua ndani ya kivinjari, abofye kisanduku, na aniandikie namba zote anazoziona kwenye ule mchoro wa mistatili iliyozungukana. Baada ya robo saa akarudi na hesabu: eneo la ukurasa pikseli 1000, kisanduku 500, padding 20 kushoto na 20 kulia, mpaka 1 na 1. Jumla 542. Viwili ni 1084. "Kumbe padding inaongezwa juu ya upana! Mimi nilidhani inakula ndani."

Ndivyo ilivyo: kwa kawaida width katika CSS hupima maudhui peke yake, padding na mipaka hujumlishwa nje. Akarudi mwenyewe kwenye ile 45% yake: kwenye eneo la 1000 ni 492 kila kimoja, viwili vinaingia. Kwenye dirisha lenye upana wa 360 ni 162 kuongeza 42, yaani 204, na viwili ni 408. Ndiyo maana dirisha jembamba lilikataa. Hapo ndipo nilipompa box-sizing: border-box, inayofanya padding na mpaka vihesabiwe ndani ya upana, na alielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kwenye safu ya katikati ya daftari siku hiyo aliandika: "Nilidhani kivinjari kinakosea."

Mwezi wa pili: mlolongo uliokatika

Huu ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, na mwanzoni niliusifu. Alitundika kalenda ukutani akawa anaweka alama ya X kila siku anayofanya kazi, na nia isikatike. Ilikwenda siku ishirini na tatu. Ya ishirini na nne mtoto aliugua, usiku mzima hawakulala, asubuhi hakugusa laptopu. Siku moja tu. Hakurudi kwa siku kumi na sita.

Nilipomuuliza hakusema kuwa alikosa muda. Alisema: "Nikiiangalia ile kalenda naona aibu. Nianze tena kuhesabu kutoka moja?" Kitu kilichowekwa ili kimvute kilikuwa kinamfukuza.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwahi kufuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga mazoea mapya. Makadirio yao, yaliyotoka mwaka 2010, yalionyesha kuwa zoea hukomaa kati ya siku 18 na 254, katikati ikiwa 66, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Nilimweleza hilo. Sidhani kama namba zilimsaidia sana. Kilichomsaidia ni kuitoa kalenda ukutani na kuweka kanuni mbili badala yake. Ya kwanza, kukosa siku moja ni ruhusa, kukosa mbili mfululizo ni marufuku. Ya pili, iwepo kazi ya siku mbovu: kufungua faili, kurekebisha kitu kimoja kidogo, kufunga. Dakika tano. Alikuwa na orodha ya vitu vidogo vya namna hiyo mwishoni mwa daftari, kama "nafasi kati ya mistari" au "rangi ya kiungo kilichobofywa", ili asubuhi mbovu isianze na kufikiri.

Tangu hapo alikosa siku nyingi tu, lakini hakupotea tena.

Mwezi wa tatu: ukurasa unatoka nje

Nilisisitiza ukurasa uwekwe kwenye intaneti ukiwa bado mbaya. Yeye alitaka umalizike kwanza. Tulivutana wiki nzima, akakubali shingo upande.

Ukapanda, na picha zikawa hazionekani. Kwenye laptopu yake zilikuwepo zote. Alitumia asubuhi mbili akibadilisha folda. Sababu: simu ilihifadhi picha kwa jina gauni1.JPG, yeye kwenye msimbo kaandika gauni1.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Seva nyingi zinatumia Linux, na Linux inajali. Kosa hili haliwezi kuonekana mpaka ukurasa utoke nyumbani, na ndiyo sababu mojawapo ninayoshikilia utoke mapema.

Kisha dada mtu akaufungua kwa simu yake. Nilimwomba Mwanagenzi akae kando, anyamaze, aandike tu anachokiona. Haya ndiyo aliyoyaandika, nayafupisha: Anasubiri. Anasubiri bado. Maandishi yametoka madogo kama chungu, anavuta kwa vidole viwili ili yakue. Anabofya picha ya gauni, haifanyi kitu, anabofya tena. Anasogeza simu kivulini. Anasema, "Mdogo wangu, namba yangu ya simu umeiweka wapi?"

Kila kituko kilikuwa na sababu yake. Kusubiri: picha nane zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti nne hivi, zikionyeshwa kwenye nafasi ya upana wa 400. Alizipunguza hadi upana wa 800 na ukurasa mzima ukashuka chini ya megabaiti moja. Maandishi ya chungu: ulikosekana mstari wa meta wa viewport, ule unaosema width=device-width; bila huo simu huchukulia ukurasa ni wa kompyuta, huuchora kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huusinyaza. Mstari huo ulikuwepo katika miradi yake yote kumi na minne. Hakuwahi kujua kazi yake, kwa hiyo kwenye wa kwake hakuuweka.

Kivuli: maandishi yalikuwa ya kijivu #999999 juu ya nyeupe, kwa sababu "yanaonekana ya kisasa". Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka uwiano wa utofauti usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu kile juu ya nyeupe kina 2.85. Kijivu chepesi kabisa kinachopita ni #767676. Yeye alikwenda #595959, kinachofika karibu 7, na sikumpinga.

Na namba ya simu ilikuwepo, ila chini kabisa, tena ndani ya picha aliyoipamba kwa maandishi. Huwezi kuibofya, huwezi kuinakili. Aliitoa kwenye picha, akaiweka juu kama kiungo cha tel ili mtu akibofya simu ipige.

Jioni ile moja ilibadilisha maswali yake. Kabla ya hapo alikuwa anauliza "hii inaandikwaje?" Baada ya hapo akaanza kuuliza "mtu akifika hapa anatafuta nini?" Kwangu huko ndiko usanifu unakoanzia, kabla yake kulikuwa na uandishi wa tegi.

Mwezi wa tano na kuendelea: JavaScript

Sehemu hii ilikwenda vibaya na lawama nyingi ni zangu. Nilimzuia asiguse JavaScript mpaka "misingi ikae". Misingi ilikaa, mimi nikaendelea kuzuia. Wakati huo dada yake anataka picha ikibofywa ikue, jambo la halali kabisa.

Akafanya ambalo wengi wangefanya: akaiomba programu ya akili bandia, ikampa mistari arobaini, akabandika, ikafanya kazi. Wiki mbili baadaye alibadilisha majina ya madarasa (class, majina ya kuzitambulia sehemu za ukurasa) katika HTML na yote ikafa. Alifungua konsoli ya kivinjari, sehemu inayoonyesha makosa, akaona maandishi mekundu yakisema thamani ni null, yaani hakuna kitu, na hakuwa na pa kushika. Alibandika kosa kwenye programu ile ile, ikampa mistari mingine sitini.

Tuliweka sharti jipya: kuuliza maelezo ruksa, kubandika ruksa, lakini kesho yake asubuhi lazima aandike upya kwenye faili tupu, na akishindwa anaondoa. Alilishika sharti hilo kwa kusuasua, kama nusu ya mara, kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa picha ya kukua, aliishia na mistari tisa aliyoielewa badala ya arobaini.

Matokeo

Miezi tisa tangu siku ya faili tupu, kurasa tatu ziko hewani: ya dada, ya jirani wa dada, na ya kikundi kimoja kilichomlipa, malipo yake ya kwanza. Anaweza kujenga ukurasa wa kawaida unaokaa vizuri kwenye simu kutoka faili tupu chini ya saa moja. JavaScript yake bado ni dhaifu. Kazi yake ya kutwa hajaiacha na hajasema anataka kuiacha. Ile kozi ya tatu haijaguswa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni Jumatatu ya faili tupu. Jambo hili si geni: Hermann Ebbinghaus alipima kusahau kwake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kitu kinachoeleza kisa hiki vizuri sana. Wanafunzi waliosoma andiko tena na tena walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika tano. Waliojipima kwa kukumbuka walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya wiki. Mtu wa video anajipima dakika tano baada ya video. Anajiona anajua, na kwa dakika hizo tano anajua kweli. Kwa hiyo sikubali anapoitwa mvivu au asiye na nidhamu. Miezi sita ya usiku bila kukosa ni nidhamu ya kutosha.

Kuhamisha muda kulisaidia, ingawa sijui niipe asubuhi sifa kiasi gani. Huenda nguvu ilikuwa katika kufunga kazi kwenye tendo lililokuwepo tayari, na jioni ingefaa vilevile kwa mtu ambaye laptopu yake haigombaniwi.

Kusimamisha video kabisa kulikuwa dawa kali kupita kiasi. Wiki ya tatu aliutumia muda mwingi kutafuta jambo la Flexbox ambalo video ya dakika kumi ingemwonyesha. Ningerudia leo ningemruhusu video, kwa sharti moja: atazame yote bila kugusa kibodi, aifunge, ndipo aandike.

Kuna na pengo tulilolipita wote wawili. Tulifanyia mazoezi msimbo na hatukufanyia mazoezi jicho. Kurasa zake tatu zinafanya kazi na zimekaa kama ndugu watatu: ukubwa wa herufi ule ule, kila kitu katikati, nafasi zisizo na mpango. Wachoraji hujifunza kwa kunakili kazi za waliowatangulia. Mwanagenzi hakuwahi kuchukua ukurasa mzuri, akaupima kwa zana za kukagua, herufi pikseli ngapi, nafasi kati ya aya ngapi, akaujenga upya kwa macho tu. Zoezi hilo lilipaswa kuanza mwezi wa pili, likila asubuhi moja kwa wiki. Limeanza sasa.

La mwisho ni dada. Mtu mwenye shida halisi, anayefungua ukurasa kwa simu ya kawaida na kusema asichokipenda bila kuremba, hawezi kutengenezwa. Asiye na dada wa namna hiyo anaweza kupata nusu ya faida kwa kumpa simu mtu yeyote asiyehusika, kumwambia jambo moja la kutafuta kwenye ukurasa, na kunyamaza mpaka alipate au akate tamaa. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwanagenzi aliniambia kwamba jioni ile alijikuta amekalia mikono yake.